SOMO KWA MAKATIBU: MGENI NA INTANETI YA CHAMA

Katika milima ya Upare, maji ya ndiva hukusanywa na kufunguliwa kwa zamu, kwa utaratibu unaojulikana na wote. Mgeni hanyimwi maji ya kunywa, lakini hakabidhiwi lango la ndiva. Intaneti ya ofisi nayo ni mali ya wanachama, na yafaa igawiwe kwa utaratibu kama huo.

Wageni wa vyama vya Same ni wa namna nyingi: wanunuzi wa tangawizi na kahawa, wakaguzi, maofisa ushirika. Wengi wao huomba nenosiri la waifai. Njia nyepesi ya kuwapa ni msimbo wa QR, yaani mraba wenye vijimraba vyeusi na vyeupe, uliobuniwa Japani mwaka 1994. Mgeni huuelekezea kamera ya simu yake, hukubali, na simu huunganika bila yeye kuandika neno.

Hata hivyo, msimbo huo hautunzi siri. Ndani yake mmeandikwa jina la mtandao na nenosiri lenyewe, na aliyeusoma aweza kumpa mwingine. Katibu anayebandika ukutani msimbo wa mtandao mkuu amekabidhi lango. Katika mtandao huo ndimo ilimo kompyuta yenye daftari la wanachama, uzito wa mazao yao na malipo yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Kwa hiyo Katibu afuate hatua hizi:

1. Afungue katika ruta mtandao wa wageni, wenye jina na nenosiri lake, uliotengwa na kompyuta za ofisi.

2. Atengeneze msimbo wa mtandao huo tu. Simu janja nyingi hutengeneza msimbo huo zikishaunganishwa.

3. Aubandike ndani ya ofisi, na akague kama haukubandikwa mwingine juu yake.

4. Abadili nenosiri kila mwezi na kuchapa msimbo mpya. Wa zamani hautafaa tena.

5. Aweke kikomo cha matumizi ya wageni, iwapo ruta inaruhusu, kwani kifurushi hulipwa kwa fedha za wanachama.

Maswali ya majadiliano:

(a) Ni nani wanaojua nenosiri la mtandao mkuu wa chama chenu?

(b) Lilibadilishwa lini?

(c) Je, Bodi imeweka utaratibu wa wageni kwa maandishi?