Muungano Unakaa kwa Mgawo: Somo la Mawakala wa Kompyuta

Wanachuo wenzangu, nikisema "wakala" usimfikirie yule wa kutolea pesa pale kona. Wakala ninayemzungumzia ni programu ya kompyuta iliyopewa lengo, ikaachwa ijiamulie namna ya kulifikia: inapima hali, inajadiliana na programu nyingine, inakubali au inakataa. Lengo likiwa kubwa kuliko uwezo wa mmoja, mawakala huunda muungano.

Kwetu Moshi jambo hili si geni. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda KNPA, na mwaka 1933 ikaanza KNCU, chama kikuu cha vyama vya msingi vya mlimani. Mwenye magunia mawili hana sauti mbele ya mnunuzi. Wakikusanya maelfu, wanayo.

Mawakala wana maswali mawili. La kwanza: nani aungane na nani? Mawakala 10 wanaweza kuunda vikundi 1,023 tofauti. Wakiwa 20, vinafika 1,048,575. Kwa hiyo wakiwa wengi hawajaribu vyote, wanatafuta kinachofaa vya kutosha. La pili, ambalo ndilo huvunja miungano: faida igawanywe vipi?

Hebu tupige hesabu ya mfano. Wakala wa Uru ana lori. Wa Kibosho na wa Machame wana kahawa ya kusafirisha. Kila mmoja peke yake haokoi kitu. Lori na Kibosho wakiungana wanaokoa shilingi 66,000. Lori na Machame vivyo hivyo. Kibosho na Machame bila lori, sifuri. Wote watatu wanaokoa 90,000.

Gawa sawa: 30,000 kila mmoja. Inaonekana haki, sivyo? Lakini Uru na Kibosho kwa pamoja wamepata 60,000, na wakimwacha Machame wangepata 66,000. Basi watamwacha. Programu haina aibu wala ujirani.

Mwaka 1953 Mmarekani Lloyd Shapley alipendekeza njia nyingine. Waingize mmoja mmoja katika kila mpangilio unaowezekana (hapa ni 6), andika kila anayeingia ameongeza kiasi gani, kisha tafuta wastani. Mwenye lori akitangulia anaongeza sifuri. Akiwa wa pili, 66,000. Akiwa wa mwisho, 90,000. Kila nafasi anaipata mara mbili, kwa hiyo wastani wake ni 52,000. Wenzake wanapata 19,000 kila mmoja. Sasa Uru na Kibosho wana 71,000 kwa pamoja, zaidi ya 66,000. Hakuna sababu ya kuondoka. Ila njia hii haizuii mgawanyiko kila mara, hivyo ni lazima ukague kila kikundi kidogo.

Mlima wenyewe umeshatufundisha hili. Mwaka 1937 palitokea ghasia, baadhi ya wakulima wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa kupitia KNCU. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu. KNCU ikarudi 1984. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyama vya msingi 32 vikajitenga ili viuze kahawa yao vyenyewe, na kundi lao likaitwa G32. Kwa lugha ya somo letu, kikundi kidogo kiliona nje kuna zaidi.

Baadhi yetu kesho tutaandika programu za kuendesha vyama vya wakulima. Kabla ya kuikabidhi, iulize swali moja: je, kuna kikundi humu ambacho kingepata zaidi kikitoka? Kama kipo, usikihubirie umoja, rekebisha mgawo. Na wale mnaopewa alama sawa kwenye kazi ya kikundi wakati walioandika ni watatu tu, sasa mnajua kwa nini semista ijayo hao watatu wanajipanga wenyewe.