SOMO LETU: CHAPATI YA KIHINDI ISIYOMALIZA MAFUTA



Kwetu chapati ni chakula cha Krismasi na cha wageni. Tukiulizana kwa nini, jibu ni lile lile: mafuta ni ghali. Lakini huko India, familia nyingi hula chapati kila siku, na hawaikaangi. Upishi huu tuliupata kwa Wahindi, ambao baadhi yao waliletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, mwaka 1896 hadi 1901. Ile yetu ya kukunja na kukaanga inafanana na paratha yao. Ya kila siku huitwa pia roti, na hupikwa kwa pani kavu.

Mahitaji (chapati 16 ndogo)
- Unga wa ata (ngano yenye pumba), vikombe 4
- Maji vuguvugu, kikombe 1½, na mengine kidogo kando
- Chumvi, kijiko 1 cha chai
- Samli kidogo, ukipenda

Namna ya kupika
1. Changanya unga na chumvi. Tia maji kidogo kidogo huku ukikanda, dakika 10, mpaka donge liwe laini.
2. Funika kwa kitambaa kibichi, ngoja dakika 30.
3. Kata madonge 16. Sukuma kila moja liwe jembamba na sawa pande zote.
4. Pasha pani moto sana, bila mafuta. Weka chapati, ikitoa malengelenge, geuza.
5. Geuza tena, bonyeza kingo kwa kitambaa safi. Mvuke wa ndani utaifurisha.
6. Paka samli, funika zisikauke.

Tulipokosea sisi
Mara ya kwanza zilitoka ngumu kama soli ya kiatu, hata watoto waliziacha. Kumbe donge liliponata tuliongeza unga mkavu, na hatukungoja. Pumba hunywa maji polepole. Ukingoja, kunata kunapungua kwenyewe. Tena moto wetu ulikuwa mdogo, chapati ikakauka kabla ya kufura.

Jadilianeni
1. Tukipika chapati za kukaanga, kikundi hutumia mafuta kiasi gani? Pimeni, msikisie.
2. Mkitaka kuuza, andikeni kwanza gharama ya unga, makaa na samli. Je, faida itabaki?

Jaribuni nyumbani kabla ya mkutano ujao. Kila mmoja aje na chapati moja, tuonje pamoja.