Kukagua na Kubadili Chujio la Hewa ya Kabini

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii unatakiwa uweze:
(a) kutofautisha chujio la kabini na chujio la hewa ya injini;
(b) kueleza kwa nini chujio lililoziba ni hatari kwa dereva na abiria;
(c) kutaja kwa mpangilio hatua za kukagua na kubadili chujio;
(d) kukokotoa muda wa kukagua chujio kulingana na kazi ya gari.

1. Utangulizi

Fikiria umepanda Noah ya abiria inayotoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay, alfajiri ya mwezi wa Juni. Mbinga kuna baridi, vioo vyote vimefungwa na gari limejaa. Kabla hamjaanza kuteremka milima ya Umatengo, kioo cha mbele kinaanza kufunga ukungu kwa ndani. Dereva anawasha feni na kuipandisha hadi namba ya mwisho. Feni inanguruma, lakini hewa inayofika kwenye kioo ni kidogo mno. Anachukua kitambaa, anafuta kioo kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye usukani, na mbele yake kuna kona.

Feni ya gari hilo inaweza kuwa nzima kabisa. Mara nyingi tatizo la namna hii ni chujio la kabini lililojaa vumbi, na fundi huweza kulibadili kwa dakika 15 bila kufungua injini. Kwa hiyo usilichukulie chujio hili kuwa ni jambo la starehe tu. Ni sehemu ya usalama wa gari.

2. Chujio la kabini ni nini?

Kabini ni sehemu wanamokaa dereva na abiria. Chujio la kabini husafisha hewa inayosukumwa na feni kuingia humo. Mafundi wengi na wauza spea huliita filta ya AC, ingawa hufanya kazi hata kama kiyoyozi hakijawashwa, mradi feni inazunguka.

Usilichanganye na chujio la hewa ya injini, ambalo mafundi huliita eyaklina. Zingatia tofauti hizi:

- Eyaklina hukaa chini ya boneti, ndani ya kasha lenye bomba linalokwenda kwenye injini. Chujio la kabini, katika magari mengi madogo ya Toyota, hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria wa mbele.
- Eyaklina ikiziba, injini hukosa nguvu. Chujio la kabini likiziba, injini haibadiliki. Wanaoumia ni watu waliomo ndani.

3. Jinsi linavyofanya kazi

Hewa ya nje huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, hupita kwenye chujio, kisha husambazwa kwenye kioo, usoni na miguuni. Chujio hutengenezwa kwa karatasi maalumu au nyuzi za plastiki zilizoshikamana. Chembe kubwa hunaswa kama pumba kwenye chekecheo. Chembe ndogo zaidi huigonga nyuzi na kunata, na baadhi ya machujio huwa na chaji ya umeme tuli inayozivuta.

Kwa nini karatasi hukunjwakunjwa? Ili kuongeza eneo bila kuongeza ukubwa wa kasha. Tazama mfano huu.

*Mfano wa 1.* Chujio lina urefu wa sm 20 na upana wa sm 20. Lina mikunjo 20, kila mkunjo una kina cha sm 2.5.
Eneo la uso wa chujio = 20 × 20 = sm² 400.
Kila mkunjo una pande 2, hivyo eneo la karatasi = 20 × 2 × 2.5 × 20 = sm² 2,000.
Uwiano = 2,000 ÷ 400 = 5.

Maana yake hewa hupita kwenye karatasi kwa kasi ndogo mara 5, na kuna nafasi mara 5 ya kushika vumbi. Vumbi linapojaza mikunjo, faida hiyo hupotea.

Sasa shika hoja hii, kwa sababu ndiyo kiini cha mada: chujio chafu haliruhusu vumbi zaidi kupita, bali huzuia hewa kupita. Vumbi lililoganda juu ya karatasi huwa kama chujio la pili. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha gari muda mrefu bila kuona vumbi ndani na akadhani kila kitu ni salama, kumbe hewa inazidi kupungua.

Ukungu wa kioo huelezwa na hoja hiyo hiyo. Pumzi za abiria zina mvuke wa maji. Mvuke ukigusa kioo cha baridi hutonesha, yaani hugeuka matone. Matone hayo huondolewa kwa kupuliza kwenye kioo hewa ya kutosha, hasa iliyo kavu au ya moto. Hewa ikiwa haba, ukungu hubaki.

4. Mazingira yanayoharakisha kuziba

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilometa 66, imepunguza vumbi kwa magari ya njia kuu. Hata hivyo, mambo yafuatayo bado huziba chujio mapema:

- barabara za udongo za kwenda vijijini, hasa wakati wa kiangazi;
- vumbi la makaa ya mawe kwa magari yanayofuata malori yatokayo Ngaka;
- majani makavu yanayoanguka kwenye matundu ya chini ya kioo gari linapoegeshwa chini ya mti;
- wadudu wadogo wa Ziwa Nyasa, ambao huruka kwa makundi mazito hata ukiwaona kwa mbali hudhani ni moshi juu ya maji;
- unyevu wa masika, unaofanya vumbi na majani kwenye chujio kuota kuvu na kutoa harufu.

5. Dalili za chujio lililoziba

(i) Hewa ni dhaifu ingawa feni iko kwenye namba ya juu na mlio wake ni mkubwa.
(ii) Kioo cha mbele huchelewa kuondoa ukungu.
(iii) Harufu ya kuvu au uvundo hutoka feni inapowashwa.
(iv) Kiyoyozi hakipoozi vizuri ingawa gesi ipo.

*Zingatia:* Kama hewa ni dhaifu na feni haitoi mlio kabisa, kagua kwanza fyuzi na mota ya feni. Fundi mzuri husikiliza kabla ya kufungua.

6. Hatua za kukagua na kubadili

*Vifaa:* chujio jipya la aina ya gari husika, kitambaa kikavu, tochi, barakoa, na bisibisi kwa baadhi ya magari.

1. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini na utoe ufunguo. Feni isizunguke wakati kasha liko wazi.
2. Vaa barakoa. Vumbi lililokusanywa kwa mwaka mzima si la kuvuta puani.
3. Ondoa vitu vyote kwenye droo ya dashibodi.
4. Achilia kijiti au kamba inayozuia droo kuanguka, kisha bana kuta zake mbili kwa ndani ili ishuke. Usitumie nguvu, kwani plastiki ya gari la zamani huvunjika upesi.
5. Tafuta kifuniko chembamba nyuma ya droo. Bonyeza vibano vyake na ukiondoe.
6. Vuta chujio taratibu likiwa limelala vilevile, ili uchafu usimwagikie kwenye feni. Kumbuka alama ya mshale au neno UP vilielekea wapi.
7. Kagua kwa tochi. Likiwa jeusi, limejaa majani, limelowa au limechanika, libadili.
8. Futa kasha kwa kitambaa kikavu. Toa majani na wadudu waliobaki.
9. Linganisha chujio jipya na la zamani kwa urefu, upana na kina. Chujio dogo huacha upenyo, na hewa hupita penye upenyo badala ya kwenye karatasi.
10. Weka jipya kwa kufuata alama, rudisha kifuniko na droo.
11. Washa gari, jaribu namba zote za feni, na uhisi hewa kwa mkono kwenye kila tundu.

7. Je, linaweza kupulizwa au kuoshwa?

Ni kawaida chujio kupulizwa kwa upepo wa kompresa na kurudishwa. Kulikung'uta taratibu ili kutoa majani kunakubalika kama jipya halijapatikana. Lakini upepo mkali huchana nyuzi na kuacha matundu usiyoyaona, na maji huharibu karatasi na kuondoa chaji ya umeme tuli. Hewa itarudi kwa wingi, ila vumbi nalo litapita. Osha tu lile ambalo mtengenezaji ameandika kuwa linaoshwa.

8. Muda wa kubadili

Watengenezaji wengi hutaja kati ya kilometa 15,000 na 30,000, au mara moja kwa mwaka. Fuata kitabu cha gari. Kwenye vumbi jingi, kagua katika nusu ya umbali huo.

*Mfano wa 2.* Noah huenda Mbamba Bay na kurudi Mbinga mara moja kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kitabu kinasema chujio libadilishwe kila kilometa 15,000. Ni baada ya wiki ngapi likaguliwe ikiwa ukaguzi hufanyika katika nusu ya umbali?
Umbali kwa wiki = 66 × 2 × 6 = km 792.
Nusu ya umbali = km 7,500.
Muda = 7,500 ÷ 792 = wiki 9.47.
Jibu: kila baada ya wiki 9. Usikadirie kuwa 10, kwa sababu gari litakuwa limepita kilometa zinazotakiwa.

9. Kitu ambacho chujio haliwezi kuzuia

Yapo machujio yenye tabaka la mkaa maalumu unaopunguza harufu. Hata hayo hayazuii kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu itokayo kwenye ekzosi. Abiria wakilalamika kuumwa kichwa na kizunguzungu, usibadili chujio ukaridhika. Simamisha gari, washushe wapate hewa safi, kisha ekzosi ikaguliwe kama inavuja. Pia usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa.

10. Maswali ya kujipima

1. Dereva anasema gari lake halina nguvu mlimani. Fundi anambadilishia chujio la kabini. Toa maoni yako kuhusu uamuzi huo. (Alama 2)
2. Eleza kwa nini chujio lililojaa vumbi linaweza kuchangia ajali asubuhi ya baridi. (Alama 4)
3. Gari husafiri km 500 kwa wiki kwenye barabara ya udongo. Chujio hubadilishwa kila km 20,000 na kukaguliwa katika nusu ya umbali. Likaguliwe baada ya wiki ngapi? (Alama 2)
4. Kwa nini feni isizunguke wakati chujio limetolewa? (Alama 2)

Majibu

1. Si sahihi. Chujio la kabini halipeleki hewa kwenye injini. Angeanza kwa kukagua eyaklina.
2. Vumbi huzuia hewa kupita; hewa inayofika kwenye kioo hupungua; mvuke wa pumzi uliotonesha kwenye kioo cha baridi hauondoki; dereva haoni barabara vizuri.
3. 10,000 ÷ 500 = wiki 20.
4. Uchafu huvutwa kwenye feni na kusambazwa kabini. Pia feni inaweza kuumiza vidole.

Zoezi la vitendo: Omba ruhusa kwa mwenye gari aliye karibu nawe, fungua droo ya dashibodi naye akiwepo, na utazame chujio lake. Usishangae ukikuta kasha tupu, kwani baadhi ya magari yaliyoingizwa yakiwa yametumika hayana chujio kabisa. Ukikuta hivyo, mwonyeshe mwenye gari na umweleze anachokosa.