Uvujaji wa Kumbukumbu katika Kiini cha Linux: Kuvuja au Kutorejeshwa?

Utangulizi

Asikiaye istilahi "uvujaji wa kumbukumbu" huona akilini mtungi wenye ufa. Taswira hiyo hupotosha. Kumbukumbu ya tarakilishi haimwagiki popote, huazimwa isirudishwe. Makala haya yanadai kwamba tatizo hili likitazamwa kama deni, utendaji wa zana za kuligundua hueleweka vyema, na udhaifu wake pia. Mfano unaotumika ni kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani inayozigawia programu rasilimali za mashine.

Deni lenyewe

Sehemu kubwa ya kiini hicho imeandikwa kwa lugha ya C, ambayo humwachia mwanaprogramu jukumu la kuomba kumbukumbu na kuirejesha. Programu ya kawaida ikifungwa, kiini huitwaa kumbukumbu yake. Kiini chenyewe hakina wa kukidai: kilichosahauliwa humo hubaki kimeshikwa hadi mashine iwashwe upya. Kwa seva inayotarajiwa kufanya kazi miezi mingi, baiti chache zinazopotea kila ombi linapohudumiwa zaweza kuiangusha.

Daftari la madeni

Mwaka 2009, toleo la 2.6.31 lilijumuisha zana iitwayo kmemleak, kazi ya Catalin Marinas. Msimbo wa kiini ulikuwa umepita mistari milioni 10. Kuupitia wote kwa mkono kusingewezekana. Kwa hiyo zana iliwekwa mlangoni, katika taratibu chache zinazogawa kumbukumbu. Kila kipande kinapotolewa, huandikwa anwani yake, ukubwa wake na mfuatano wa miito uliokiomba. Kisha, kwa kawaida kila baada ya dakika 10, kumbukumbu hupekuliwa ili anwani hizo zitafutwe. Kipande ambacho anwani yake haionekani popote hushukiwa kuwa kimepotea, kwani asiyeijua anwani hawezi kukirejesha.

Mipaka ya zana

Anwani iliyohifadhiwa kwa umbo jingine haitambuliwi, na kipande kisicho na kosa hushtakiwa. Kinyume chake, namba ya kawaida ikifanana na anwani huficha uvujaji wa kweli. Zaidi ya hayo, orodha inayorefuka bila kutumiwa haishtakiwi kamwe: mdaiwa anajulikana, ila halipi. Wanaprogramu wamepewa alama za kuonyesha vipande visivyo na kosa. Zikitumiwa ovyo ili kunyamazisha ripoti, zana hupofuka. Aidha, upekuzi hugharimu muda na kumbukumbu, hivyo zana huwashwa hasa wakati wa majaribio.

Hitimisho

Zana hutaja deni, hailipi. Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa: kila ripoti yahitaji mtu wa kuisoma, kuufuata mfuatano wa miito na kuandika urejeshaji uliosahauliwa. Istilahi "uvujaji" imekwisha kuzoeleka, wala hapana haja ya kuifuta. Hata hivyo, anayeifundisha na aanze na mkopo kabla ya mtungi, kwani anayetafuta ufa hatakumbuka kumuuliza mkopaji.