Kupima Bila Kuambiwa: Jinsia ya Mtoto Aliye Tumboni

SWALI

Msomaji wa Morogoro, mwenye mimba ya kwanza iliyofikisha miezi mitano, anauliza kama inafaa akapige utrasaundi aliyoandikiwa kliniki, ilhali yeye na mumewe wameazimia kutojua jinsia ya mtoto hadi siku ya kujifungua. Mama mkwe anataka jinsia ijulikane mapema ili nguo zinunuliwe, marafiki wanadai kuwa asiyeijua huenda asigundue maradhi ya mtoto, na mjamzito mwenyewe anachelea kwamba mpimaji atalitamka jambo hilo kabla hajamzuia.

JIBU

Kipimo kifanyike na habari ya jinsia iachwe, kwa kuwa mambo hayo mawili hayafungamani: utrasaundi huandikwa kwa ajili ya usalama wa mama na mtoto, na jinsia ni taarifa ya ziada inayopatikana katika upimaji huohuo, ambayo mjamzito ana hiari ya kuipokea au kuiacha. Kosa la kuepukwa ni kukikwepa kipimo chenyewe kwa hofu ya kuambiwa, maana hapo mjamzito hupoteza kubwa ili kulinda dogo.

Kipimo kinatafuta nini

Utrasaundi ni kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti yenye mitetemo ya kasi kiasi cha kutosikika kwa sikio la binadamu. Kifaa kidogo hupitishwa juu ya tumbo lililopakwa jeli na kuyatuma mawimbi hayo ndani, nayo yanapogonga mfupa, nyama au majimaji hurudi kwa nguvu tofauti na kugeuzwa kuwa picha katika kioo cha mashine. Kipimo hiki hakitumii mionzi kama eksirei. Kiliingia katika tiba ya uzazi kutokana na kazi ya Dk. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Scotland, waliochapisha matokeo yao mwaka 1958, na katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mjamzito apigwe utrasaundi mara moja kabla mimba haijatimiza wiki 24.

Sababu za pendekezo hilo zinajulikana. Kipimo cha mapema husaidia kukadiria umri wa mimba, jambo lenye uzito mkubwa kwa mwanamke asiyekumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho, kwa kuwa bila umri sahihi ni vigumu kujua kama mtoto amedumaa tumboni au kama mimba imepitiliza siku zake. Kipimo hicho hubaini pia kama tumboni kuna mapacha, na kinapofanywa kati ya wiki ya 18 na ya 22 mtaalamu hukagua fuvu na ubongo, vyumba vinne vya moyo, uti wa mgongo, figo, kibofu na viungo vya mikono na miguu, kisha hutazama kiasi cha maji ya uzazi na mahali kondo la nyuma lilipojishika, kwani kondo lililokaa juu ya mlango wa kizazi huweza kuleta damu nyingi na kumlazimu mama kujifungua kwa upasuaji. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomlazimu mama kujua kama mtoto ni wa kike au wa kiume, na kwa hiyo madai ya marafiki wa msomaji hayana msingi iwapo kipimo kimefanyika kikamilifu.

Jinsia inavyopatikana na inavyoonekana

Jinsia hupangwa tangu yai linaporutubishwa, kupitia kromosomu, yaani nyuzi zilizomo ndani ya kila seli zinazobeba maelekezo ya urithi. Yai la mama hubeba kromosomu X, ilhali mbegu ya baba hubeba ama X ama Y. Zikikutana X mbili, kwa kawaida mtoto huwa wa kike, na zikikutana X na Y huwa wa kiume. Kutokana na ukweli huo, lawama anazotupiwa mwanamke aliyezaa mabinti watupu hazina mashiko, na baba pia hastahili kulaumiwa, kwa sababu hana namna ya kuchagua mbegu itakayotangulia kulifikia yai.

Katika wiki za mwanzo viungo vya nje vya watoto wote hufanana, hadi jeni iitwayo SRY, iliyomo katika kromosomu Y na iliyotambuliwa na wanasayansi mwaka 1990, inapoanzisha ujenzi wa korodani, ambazo homoni zake huelekeza umbo la kiume. Tofauti ya nje huanza kuonekana katika picha mwishoni mwa mwezi wa tatu, lakini ni kuanzia wiki ya 18 ndipo mpimaji huitambua kwa uhakika wa kutosha. Hata wakati huo makosa hutokea, kwa mfano mtoto anapobana miguu au kukalia matako, maji ya uzazi yanapokuwa machache, au kipande cha kiungamwana, yaani kamba inayomwunganisha mtoto na kondo, kinapopita katikati ya mapaja na kudhaniwa kuwa uume. Ndiyo maana familia iliyokwisha kupaka chumba rangi na kujaza sanduku nguo huweza nayo kushangazwa siku ya kujifungua.

Ipo pia njia ya damu, inayotokana na ugunduzi uliotangazwa mwaka 1997 na Dennis Lo na wenzake kwamba vipande vya DNA vya mtoto huelea katika damu ya mama. Kipimo hicho, kinachoweza kufanywa kuanzia wiki ya 10, kinatumika zaidi katika nchi tajiri kupima uwezekano wa hali kama sindromu ya Down, na majibu yake mara nyingi hutaja jinsia; mjamzito anayekifanya, wakiwamo wasomaji wanaoishi Ulaya na Marekani, inampasa kueleza tangu damu inapotolewa kwamba sehemu hiyo ya majibu haitaki.

Ubashiri wa mitaani

Mjamzito asiyetaka kujua jinsia hataepuka kubashiriwa, na ni vyema ajue thamani ya ubashiri huo. Tumbo lililochongoka au lililotanda kiunoni hutegemea uimara wa misuli, idadi ya mimba zilizotangulia, umbo la nyonga na jinsi mtoto alivyolala. Mstari mweusi unaoshuka kutoka kitovuni huletwa na homoni za ujauzito. Na mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika katika nusu ya pili ya mimba, hayatofautishi mvulana na msichana. Ubashiri huu unadumu kwa sababu kila anayebahatisha ana nafasi ya karibu nusu kwa nusu, kwani duniani huzaliwa takriban wavulana 105 kwa kila wasichana 100, na aliyepatia hukumbukwa na kusimuliwa ilhali aliyekosea husahauliwa.

Pale jinsia inapokuwa na maana kitabibu

Zipo hali chache ambazo jinsia humhusu daktari. Ya kwanza ni ya familia yenye maradhi yanayorithiwa kupitia kromosomu X, kama hemofilia, ambayo huifanya damu isigande ipasavyo, au ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli, kwa kuwa maradhi haya huwapata hasa wavulana. Mtoto wa kiume wa mama mwenye vinasaba vya hemofilia, kwa mfano, hapaswi kuvutwa kwa kifaa cha kunyonya kichwa wakati wa kujifungua, kwa hofu ya kuvujia damu ndani ya fuvu. Ya pili ni ya mapacha, ambapo kuonekana kwa jinsia mbili tofauti humhakikishia mtaalamu kwamba watoto wametokana na mayai mawili na kila mmoja ana kondo lake, jambo linalopunguza hofu ya matatizo yanayowapata mapacha wanaochangia kondo moja. Katika hali zote hizo, hata hivyo, anayehitaji kujua ni mtaalamu, naye anaweza kuiandika taarifa katika faili la matibabu bila kumtamkia mama, mradi mama awe ameeleza historia ya maradhi ya ukoo wake kliniki bila kuficha.

Namna ya kuilinda siri

Siri hii huvuja mara nyingi kwa bahati mbaya, na tahadhari yake ni rahisi. Ombi litolewe mara mjamzito anapoingia chumbani, kabla jeli haijapakwa, kwa kauli isiyo na utata kama vile: «Naomba nisiambiwe jinsia, wala isiandikwe kwenye majibu.» Mpimaji aombwe kukigeuza kioo anapofika sehemu ya mapaja, na picha inayochapishwa kuwa kumbukumbu iwe ya uso au ya mguu. Majibu yasomwe kwanza na mhudumu, kwa kuwa baadhi ya fomu huwa na mstari maalumu wa jinsia, na ombi hilohilo liandikwe kwenye kadi ya kliniki, kwani anayepima mara ya pili huenda akawa mtu mwingine asiyejua makubaliano ya awali.

Wahusika wengine wana wajibu wao. Mjamzito ndiye mgonjwa, na kwa maadili ya utabibu taarifa zake hazitolewi kwa mume, mama mkwe au ndugu mwingine pasipo idhini yake. Mpimaji anayemnong'oneza shemeji aliyeko korido amevunja maadili hata kama nia yake ilikuwa kufurahisha. Wanandoa wanaotofautiana, mmoja akitaka kujua na mwingine asitake, wangefanya vyema kuafikiana ama wajue wote ama wasijue wote, kwa sababu anayejua peke yake atajisaliti dukani, katika kuchagua jina, au katika mazungumzo ya kawaida ya nyumbani.

Siku ya kujifungua

Mkunga naye aelezwe mapema mpango uliopo. Katika vituo vingi vya Afrika Mashariki ni desturi mkunga kumwonyesha mama mtoto na kumtaka aseme mwenyewe amezaa mtoto gani, utaratibu unaozuia pia mabishano ya kubadilishwa watoto, na ni fursa njema kwa mama aliyengoja miezi tisa. Haifai, hata hivyo, shauku hiyo icheleweshe mambo yanayookoa maisha: mtoto akaushwe mara moja na kulazwa kifuani kwa mama, naye mama achomwe sindano ya oksitosini ndani ya dakika moja, baada ya kuhakikishwa kuwa hakuna pacha tumboni, ili kuzuia kuvuja damu. Anayefanyiwa upasuaji kwa ganzi ya uti wa mgongo huwa macho na anaweza kuonyeshwa mtoto palepale, lakini anayepewa nusukaputi hatajua hadi azinduke, hivyo ni busara kukubaliana mapema ni nani atakayempa habari.

Maandalizi na mashinikizo ya ukoo

Hoja ya mama mkwe kuhusu nguo ina jibu jepesi, kwa sababu mahitaji ya siku za kwanza hayana jinsia: khanga safi za kumpokelea na kumfunika mtoto, nepi, kofia, soksi, shuka, beseni na pamba. Majina mawili yanaweza kuwekwa tayari, na katika familia za Kiislamu akika hufanywa kwa kawaida siku ya saba, hivyo hata wanaofuata mafunzo ya mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike wana muda wa kujipanga baada ya mtoto kuzaliwa.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni haraka ya kutaka kujua inayotokana na kumtamani mtoto wa jinsia moja na kumdharau wa nyingine. Hatari ya mwelekeo huo ilizifanya baadhi ya nchi kuingilia kati: India ilitunga sheria mwaka 1994 inayopiga marufuku wapimaji kufichua jinsia, kutokana na mimba za watoto wa kike kutolewa. Mjamzito anayesutwa au kutishiwa kuachwa kwa sababu ya jinsia ya mtoto alieleze jambo hilo kwa mhudumu wa kliniki anayemwamini, kwani linahusu usalama wake kama yalivyo maradhi mengine, na kwake yeye kutojua huweza kuwa kinga hadi atakapojifungua salama.

Kwa msomaji aliyeuliza, mimba ya miezi mitano ingali ndani ya muda uliopendekezwa, na hivyo aende akapime wiki hii, atoe ombi lake mlangoni, kisha aulize maswali manne yanayostahili jibu: mimba ina wiki ngapi, mtoto anakua ipasavyo, kondo limekaa wapi, na maji ya uzazi yanatosha. Baada ya hapo asiache mahudhurio ya kliniki, na aende kituo cha afya bila kuchelewa akiona damu, akiumwa kichwa sana au kuona ukungu, akivimba uso na mikono, chupa ikipasuka kabla ya wakati, au mtoto akipunguza kucheza, kwani dalili hizo zina uzito uleule kwa mtoto wa kike na wa kiume.