Magitaa Mawili, Wanafunzi Wanne na Simu Moja

Mwanafunzi mpya wa gitaa akinijia hapa pwani, Kiswere, simwulizi kama anajua kuimba. Namwuliza: kwenu nani anakwenda kwenye pweza? Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inatoka mbali, miamba inabaki wazi, na watoto wakubwa wanafuatana na mama zao. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga vipindi Jumatatu na Alhamisi, kama shuleni, na mara nyingi nilingoja chini ya mwembe bila kumwona mtu. Sasa tunakutana siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali. Ukitaka kufundisha pwani, panga ratiba kwa kufuata bahari.

Nachukua wanafunzi wanne kwa mkupuo, sizidishi. Magitaa ni mawili: wawili wanapiga, wa tatu anashika mapigo kwenye dumu tupu, wa nne yuko kwenye simu, anarekodi. Kila nusu saa wanabadilishana. Nilijaribu kufundisha wanane, na wanne kati yao walikuwa watazamaji tu. Mtazamaji hachukui wiki mbili anaacha kuja.

Walimu wengi wanaanza na chodi kumi, na mtoto anamaliza mwezi vidole vikimuuma bila kupiga wimbo hata mmoja. Muziki wetu wa dansi haukujengwa hivyo. Msikilize Mbaraka Mwinshehe akicharaza solo na Morogoro Jazz, kisha sahau solo hiyo kwa muda na utege sikio chini yake. Gitaa la kati linarudia kitu kidogo tu, na gitaa zito lina njia yake. Kila moja peke yake ni jepesi. Utamu uko pale yanapopishana, kama miyaa kwenye ukili. Kwa hiyo siku ya kwanza simpi mtoto chodi. Nampa sauti tatu kwenye uzi wa pili na wa tatu, azizungushe bila kukatika, na mimi napita juu yake na G, C na D. Jioni hiyo hiyo anakwenda nyumbani akiwa amepiga wimbo. Chodi zinakuja baadaye, akiwa ameshajua za nini.

Mwezi wa kwanza ukiisha nawasikilizisha "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Wanabishana kama wapigaji ni wawili au watatu. Ni mtu mmoja, kwa dole gumba na kidole cha shahada. Baada ya hapo sihitaji kumhimiza mtu afanye mazoezi ya dole gumba.

Kurekodi kunaanza siku ya kwanza, hakungoji mtu ajue. Nyumba ya makuti ni studio nzuri kuliko watu wanavyodhani: makuti yanameza sauti, wakati ukuta wa saruji na bati vinairudisha. Kusi likivuma, tundika kanga nzito mlangoni, maana upepo ukiingia kwenye maiki ya simu unafuta kila kitu. Sisi tunapindua kinu, tunakunja kanga juu yake na kuilaza simu hapo, maiki ikitazama gitaa kwa umbali wa shubiri mbili hivi. Usiielekeze kwenye tundu, utapata mvumo mzito usio na maneno. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, isije ikaita katikati ya wimbo. Piga kwanza sehemu yenye kelele kuliko zote uone kipimo cha sauti. Kikigonga mwisho, sogeza simu nyuma, kwa sababu sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Kuongeza gitaa la pili juu ya la kwanza tunatumia BandLab, haina malipo. Mpigaji anasikiliza la kwanza kwa hedifoni za waya. Zisizo na waya zinachelewesha sauti kidogo, na mtoto ataonekana hana mapigo kumbe yuko sawa. Lakini kila wiki tunarekodi pia wote kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, kama bendi nyingi zilivyofanya Radio Tanzania Dar es Salaam. Akikosea mmoja, tunaanza upya wote. Hapo ndipo wanapojifunza kusikilizana.

Nina kijana aliyekuwa akikimbiza mapigo kila wimbo ulipopamba moto. Nilimwambia mara nyingi, akaitikia, akakimbiza tena. Siku moja alisikiliza rekodi yake ameinamisha kichwa juu ya simu. Ilipofika sehemu ile aliinua mkono, akairudisha, akaisikiliza mara tatu. "Mwalimu, nawaacha wenzangu," alisema. Tangu hapo anahesabu kwa mguu. Maneno yangu ya miezi miwili hayakufanya kazi hiyo.

Chumvi ya hapa inakula nyuzi upesi, hivyo kila kipindi kinaisha kwa kufuta uzi mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu, na gitaa halilali nje ya mfuko.

Kama kwako kuna gitaa limelala juu ya kabati kwa sababu limekatika nyuzi, usilitupe. Mpe mtoto wa jirani. Likibaki na nyuzi tatu bado linatosha kupiga gitaa la kati.