Binti yangu anajitapisha: nimekosea wapi?

*Shikamoo Shangazi. Sisi ni watu wa Tanga, sasa tunaishi Clintonville, hapa Columbus, Ohio. Binti yangu ana miaka 16. Mchana hagusi chakula, usiku anamaliza wali wote uliobaki sufuriani. Kisha anajifungia chooni na kufungulia maji ya bomba. Mashavu yamemvimba, na vifundo vya vidole vina makovu. Nilidhani ni mimba. Kipimo kimeonyesha hana. Dada yangu anasema ni kijicho, apelekwe akasomewe. Mume wangu anasema nimemdekeza. Nimekosea wapi?*
*Mama Z.*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Daktari ndiye wa kuthibitisha, lakini dalili ulizozitaja ni za bulimia: mtu anakula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, kisha anajitapisha, anakunywa dawa za kumfanya aharishe au anajinyima chakula ili asinenepe. Wengi wenye ugonjwa huu wana uzito wa kawaida, ndiyo maana huweza kuugua kwa miaka nyumba nzima isijue.

Umeuliza umekosea wapi. Ugonjwa huu hauna chanzo kimoja, na malezi yako peke yake hayawezi kuuleta. Upo unaoandama ukoo. Wapo wanaoanza na wasiwasi au huzuni ya muda mrefu, waliotaniwa kwa unene wao, na waliodhalilishwa kingono. Mara nyingi mlango wenyewe ni kujinyima. Mwili ulioshindishwa njaa hudai haki yake usiku. Akishakula anaona aibu, anatapika, na kesho anajinyima zaidi.

Kwa watoto wetu wa ughaibuni kuna mzigo mwingine. Nyumbani mgeni akimwambia msichana amenenepa, amemsifu kwamba anatunzwa. Shuleni na kwenye simu anaambiwa kinyume chake, na yeye yuko katikati. Huko Fiji nako mwili mnene ulikuwa fahari. Televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alipowahoji wasichana wa shule mwaka huo, hakukuwa na aliyesema anajitapisha ili apungue. Kufikia 1998 walikuwa zaidi ya asilimia 11.

Kumwombea dua ni jambo jema, endelea. Ila hospitali isingoje. Kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu katika damu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika na huweza kuua. Asidi ya tumbo nayo hula meno. Akitapika asukutue kwa maji, asipige mswaki papo hapo.

Omba miadi kwa daktari wake na utaje kujitapisha waziwazi, ili apimwe damu na moyo. Hapo Columbus, hospitali ya Nationwide Children's ina kitengo cha matatizo ya ulaji. Kama Kiingereza kinakusumbua, dai mkalimani: ni haki yako na hulipii. Usimfanye binti yako mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe. Kwa umri wake, tiba huwashirikisha wazazi moja kwa moja, na kuna tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea. Daktari anaweza kuongeza dawa.

Nyumbani, kuleni pamoja mara tatu kwa siku, kisha kaa naye kwa saa moja hivi, mkipiga soga au mkisuka nywele. Usimgongee mlango wa choo kwa kelele. Mwambie: “Najua unaumwa, sina hasira nawe, tutakwenda pamoja kwa daktari.” Wageni wakianza kusema juu ya mwili wake, wakatize kwa heshima. Ramadhani ikifika, muulize daktari kwanza. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga.

Akizimia, akitapika damu au moyo ukimwenda mbio ovyo, piga 911. Akitamka habari za kujiua, piga 988.

Na wewe baba wa mtoto, usome haya pia. Binti yako ni mgonjwa, hajadekezwa. Lawama ziwekeni chini, na siku ya miadi mwende naye wote wawili.